Vidole Vyangu Hufa Asubuhi

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Yuko mahali fulani penye baridi, labda Kinangop, labda Mau Narok, labda huku huku kwetu juu ya Molo, na asubuhi ya leo ametazama vidole vyake vikigeuka rangi akadhani amerogwa au anakufa. Hukurogwa, ndugu yangu. Na hufi. Kaa karibu nikueleze yaliyonipata mimi.

Naitwa Rael. Wakati huo nilikuwa mke kijana mwenye mtoto mmoja, Kiprotich, na mume wangu Joeli alikuwa mchungaji wa kondoo kwenye shamba la mzungu. Shamba lilikuwa juu kabisa, pale msitu wa mianzi unapoanza, na kazi yetu wanawake ilikuwa kuchuma pareto, maua ya kutengenezea dawa ya kuulia wadudu. Ukitazama pareto kwa mbali utadhani mtu ameanika shuka kilima kizima. Ukikaribia unaona ni maua madogo meupe yenye jicho la njano, na kila ua lazima ulinyofoe kwa vidole, moja moja, mpaka kikapu kijae. Nilikuwa hodari. Wenzangu walisema mikono yangu inakula pareto kama mbuzi.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Nusu ya nyumba za kambi yetu zilikuwa tupu, kwa sababu majirani wetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa tusikokujua. Sisi tuliobaki tulichuma mistari yetu na mistari yao, kwa hiyo tuliingia shambani mapema, kabla jua halijatokeza juu ya miti.

Asubuhi hiyo ya Julai sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya kila kitu. Nyasi zilivunjika chini ya miguu yetu kama ganda la yai. Nilianza kuchuma, na kwanza nikasikia kama sindano kwenye ncha za vidole, kisha sikusikia kitu. Nikaangusha ua. Nikaangusha jingine. Nilipotazama, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeondokwa na damu. Sijui nieleze vipi. Haukuwa weupe wa vumbi wala wa unga. Ulikuwa weupe wa mshumaa, na ulikuwa na mpaka wake, kama kwamba kuna aliyefunga uzi kwenye kiungo akasema damu isipite hapa. Nilikiuma kidole kimoja kwa meno. Ilikuwa kama nimeuma kidole cha mtu mwingine.

Jua lilipotufikia, weupe uliondoka, vidole vikawa rangi ya zambarau iliyoiva. Kisha vikawa vyekundu, na hapo ndipo uchungu ulipoingia. Ilikuwa kama mlango umebanwa juu ya vidole na unazidi kusukumwa. Nililia mbele ya watu, mimi mwenye mtoto. Lakini hata katika kulia nilikuwa nashangaa, na hili sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile na damu ndani yangu na sikuwahi kuiona ikitembea. Sasa niliiona ikirudi nyumbani, kiungo kwa kiungo, kama watu wanaorudi kijijini baada ya kukimbia moto.

Nyapara wetu, Mzee Wekesa, alikuja akanishika mkono akautazama huku na huku.

"Ni sumu ya pareto hiyo," akasema. "Nimeona watu wakiwashwa mpaka uso ukafura. Nawa na maziwa, Mama Kiprotich, kesho uje."

Nilinawa na maziwa. Kesho yake vilikufa tena.

Wanawake walifanya mzaha, maana kambini mzaha ni kama chumvi. "Rael anageuka mzungu," walisema. "Ameanza na vidole. Mwaka ujao atataka tumpikie chai." Nami nilicheka nao. Aliyekataa kucheka ni mama mkwe wangu. Watoto walimwita Gogo, yaani nyanya, na sisi wakubwa tukafuata. Aliiona mikono yangu jioni moja nikikamua. Ng'ombe alirusha teke, kwa kuwa vidole vilikuwa kama chuma cha baridi kwenye chuchu zake, na maziwa yote yakamwagika.

"Kwenu kuna mtu mwenye mikono hii?" Gogo akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi umeitoa wapi?"

Niliokota ndoo iliyopinduka. Tangu siku ile alikamua yeye. Kisha akaanza kumuosha Kiprotich yeye. Kisha kuteka maji. Hakunitukana hata mara moja, ila kila kazi aliyoichukua mkononi mwangu niliona kama ameondoa jiwe moja la jiko langu.

Msimu wa pili wa baridi ndio ulioniumiza kweli. Nilirudi kutoka shambani manyunyu yamenilowanisha mpaka shingoni, vidole vyote kumi vimekufa, nikafanya ambalo kila mtu angelifanya: nikakaa motoni na kunyoosha mikono. Nilisikia harufu kabla ya kusikia lolote.

"Unaungua!" Gogo alipiga kelele, akanivuta kwa bega.

Kidole changu cha shahada kilikuwa kimelala juu ya jiwe la jiko. Nilikuwa nakitazama na sikujua. Nakuomba, wewe unayesoma, usiyasahau haya hata ukisahau mengine yote. Kidole kilichokufa usikipeleke motoni, wala usikitie kwenye maji yanayochemka. Hakiwezi kukuambia kinapoungua.

Kidonda kilikataa kupona. Ncha ikawa nyeusi kama kuni iliyozimwa. Joeli alipoona weusi umefika ukucha, alikwenda kwa mzungu akaomba ruhusa, tukapanda lori linalopeleka pareto iliyokauka Nakuru. Tulikaa juu ya magunia. Kwenye kizuizi cha askari tulishushwa, kipande cha Joeli, hati yake ya utambulisho, kikasomwa mbele na nyuma, tukapandishwa tena. Mteremko ulipoanza, hewa ikawa na joto, na mimi nikawa nahesabu mabadiliko ya vidole badala ya kutazama njia. Joeli akanigusa.

"Tazama kule."

Ziwa lilikuwa chini yetu, na ukingo wake wote ulikuwa wa rangi ya waridi, kama kitambaa kilichotarizwa.

"Ni udongo gani ule?" nikauliza.

"Si udongo. Ni ndege."

Nilikataa. Halafu ukingo wote ukainuka kutoka majini, ukageuka angani, ukatua mahali pengine. Nikasahau mkono wangu kwa muda. Tangu kuugua hilo lilikuwa halijatokea.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu la mbao lililolainishwa na watu waliongoja kabla yetu. Kila aliyeitwa, sisi wengine tulisogea kidogo. Karibu yangu alikuwepo mzee wa kutoka Subukia, mguu wake umefungwa matambara.

"Unaumwa nini, mama?"

"Vidole."

"Vidole tu?"

Nikafungua kitambaa. Alitazama kwa muda, kisha akajivuta akanipisha. "Kaa mbele yangu. Mguu wangu umezoea kungoja." Sikuwahi kujua jina lake. Nimemuombea mara nyingi.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alizungumza na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, naye akatuambia kwa Kiswahili.

"Anasema nyama ya hapa imekufa. Utalala hapa tungoje. Weusi ukisimama, vizuri. Ukipanda, atakata."

"Atakata ncha?" Joeli akauliza.

"Kidole. Na ukifika kiganjani, zaidi ya kidole."

Joeli hakuweza kubaki, kondoo walikuwa wakizaa. Alisimama mlangoni mwa wodi akishika kofia yake, akasema, "Rael, hata wakirudisha mkono mmoja, ni wewe tu." Akaondoka upesi kabla sijamjibu. Joeli si mtu wa maneno. Sentensi hiyo naamini aliitunga tangu kwenye lori.

Wodini siku zilipimwa kwa sindano na bandeji. Sindano asubuhi, sindano jioni, na bandeji ikifunguliwa kila baada ya siku kadhaa ili sote tutazame weusi ulipofikia. Aliyefungua alikuwa mwuguzi mzee, mrefu, mzungu lakini si Mwingereza. Tulimwita Sista. Alitoka nchi ya milima, mbali kuliko Uingereza, akisema Kiswahili alichojifunza kwa wagonjwa wa kila kabila, kila mmoja akimpa kipande chake.

Siku ya kwanza alipoiona mikono yangu aliweka bandeji chini. Akaniuliza, "Inakuwa nyeupe? Halafu buluu? Halafu nyekundu?"

Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia.

Alikwenda kwenye bomba la pembeni, akafungua maji ya baridi, akaweka mikono yake chini. Akarudi akanionyesha. Vidole vyake vinne vilikuwa mshumaa. Mpaka ulikuwa pale pale, kwenye kiungo. Mzungu nilidhani ni mweupe tayari, kumbe kulikuwa na weupe mwingine nyuma ya weupe wake.

"Tazama," akasema. "Mimi pia. Toka mtoto."

Nilimshika mkono. Maishani mwangu nilikuwa sijamshika mzungu mkono. Vilikuwa vidole vyangu kabisa, baridi ile ile, ukimya ule ule. Nilianza kulia, na yeye akanipigapiga mgongoni kwa mkono ambao najua haukuhisi mgongo wangu.

Kesho yake alileta picha. Wasichana wawili wamesimama juu ya mlima mweupe, kila mmoja amefungwa mbao mbili ndefu miguuni.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Weupe huu wote ni sakitu?"

"Ni theluji. Theluji ni mama ya sakitu."

"Na hizi mbao?"

"Ya kuteleza. Tunapanda juu, tunateleza mpaka chini."

"Mnakwenda wapi?"

"Hapana kwenda popote."

"Mkishafika chini?"

"Tunapanda tena."

Nilicheka mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akauliza kuna nini, na nilipomweleza akacheka naye mpaka mshono wake ukamuuma. Watu wazima, wenye akili, wanapanda mlima wa barafu ili washuke! Lakini baadaye nilimwomba ile picha tena, nikaitazama mpaka mchana ukaisha. Kuna watu duniani wanaoifuata baridi kama sisi tunavyofuata mvua. Na katikati yao alikuwepo msichana mwenye vidole vyangu, naye hakubaki nyumbani.

"Ulifanyaje?" nikamuuliza.

Alinifundisha pale pale kati ya vitanda. Jambo la kwanza, mwili kabla ya mkono. "Tumbo ikisikia baridi, inaita damu yote nyumbani," alisema. "Vidole wanabaki nje." Kwa hiyo sweta mbili, kitambaa kichwani, chai tumboni, yote kabla ya kutoka mlangoni, wala usingoje mpaka usikie baridi. La pili, mikono ikae mikavu. La tatu, glavu zenye vidole vilivyotenganishwa ni adui, maana kila kidole kinakufa peke yake. Vidole vinne vilale pamoja, nyumba moja, kama watoto ndani ya blanketi. Na vikianza kufa, usisugue. Simama, zungusha mkono wote kutoka begani, mzunguko mkubwa, kama unataka kuutupa.

"Damu iko kama maji kwa debe," akasema. "Zungusha, inakimbia mwisho."

Akazungusha. Mwanamke mzee, nguo zake nyeupe zikipepea, mkono ukipita juu ya kichwa na kushuka. Nami nikazungusha mkono wangu usio na bandeji. Tulikuwa kama watu wanaotwanga hewa. Kisha tukatazama, na rangi ilikuwa inashuka kwenye vidole vyake, pole pole, kama chai inavyopanda kwenye mkate.

Weusi ulisimama. Asubuhi moja bandeji ilipofunguliwa, ncha ile nyeusi ilitoka yenyewe kama ganda la punje ya mahindi, na chini yake palikuwa na ngozi mpya, laini, ya rangi ya mdomo wa mtoto. Daktari yule asiyelala aliinama akatazama, akatabasamu, akasema kitu ambacho dresa hakukitafsiri. Kidole kimebaki kifupi na hakina ukucha. Lakini mwili wangu wenyewe ulikata ulipotaka, ukashona ulipotaka, mimi nikiwa nimelala. Mpaka leo nikikitazama sijui nimshukuru nani kwanza.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko nilivyofikiri. Gogo alikuwa amechoka. Jioni moja, mimi nikiwa nachambua mboga pale pale, alimwambia Joeli kama vile sipo:

"Mpeleke kwa baba yake, kule chini kwenye joto. Huku kunataka mikono."

Joeli aliendelea kunoa kisu chake. "Akienda, nitaenda naye."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na baridi yako, Mama, kwa kuwa unaipenda kuliko sisi."

Sikuwahi kumsikia akimjibu mama yake hivyo. Gogo aliinuka akaenda nyumbani kwake, na mpaka mvua za masika zilipoanza hakusema nasi ila salamu. Maji aliendelea kuteka. Ng'ombe alikamua. Kila asubuhi niliuona mgongo wake ukipanda kutoka mtoni, na moyo wangu ulikuwa mzito kuliko mtungi wake.

Ndipo siku moja akaja na kitu amekifunika kwa leso. Alikiweka juu ya magoti yangu. Ilikuwa ngozi ya mwana-kondoo aliyekufa msimu ule, imelainishwa kwa mafuta, imeshonwa manyoya yakiwa ndani. Mifuko miwili ya mikono. Kidole gumba kina chumba chake, vinne vinalala pamoja.

"Joeli aliniambia maneno ya yule mzungu wako," alisema bila kunitazama. "Nimepima kwa mikono yangu. Jaribu."

Ilinienea. Sikuwahi kujua kwamba mikono yetu ni sawa.

Kuanzia hapo nilirudi kwenye pareto. Sikuwa hodari tena. Nilichuma kidogo, nikarudisha mikono kwenye manyoya, nikachuma kidogo, nikasimama nikazungusha. Wanawake walicheka mpaka wakachoka, na baadhi wakaanza kuzungusha nao, maana baridi haikuwa yangu peke yangu. Mzee Wekesa aliacha kusema habari za sumu. Alinipa mistari ya upande wa mashariki, ambako jua hutangulia, na hakumweleza mtu sababu.

Halafu ukaja msimu wa tatu. Nilijitayarisha kama mtu anayengoja mgeni mkali. Sakitu ya kwanza ikaanguka. Nikaingia shambani, nikachuma, nikangoja sindano. Hazikuja. Nikavua mifuko. Nikachuma mstari mzima mikono mitupu, vidole vikanitii kama zamani. Mwishoni niliinama nikaweka kiganja juu ya nyasi zilizoganda. Sakitu iliyeyuka chini yake, na nilipoinua, mkono wangu wote ulikuwa umebaki umechorwa pale, kijani katikati ya weupe, vidole vitano, na vyangu mwenyewe vilikuwa na joto.

Nilikimbia mpaka kwa Gogo. Alikishika kiganja changu kati ya vyake, akakiweka shavuni. Akanitazama machoni, kisha tumboni. Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikujua anacho.

"Kuna mtu amewasha moto humo ndani," alisema.

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua. Msimu wote ule wa baridi nilipashwa joto na mtu ambaye hakuwa na jina wala uso, ambaye vidole vyake mwenyewe vilikuwa bado vinaumbwa. Wenye elimu wanaweza kunieleza sababu yake, na huenda wako sawa. Mimi nilikuwa nikisimama kati ya pareto nikijitazama mikono, na sikuweza kuchuma kwa kustaajabu.

Alizaliwa alfajiri, Januari, tukamwita Chepkoech, jina la msichana wa alfajiri. Na sitakudanganya: alipotoka, moto aliondoka nao. Hazikupita wiki nyingi vidole vikaanza kufa tena. Havijaacha. Vinakufa mara chache kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa nawahi, lakini vinakufa, na wewe pia ujue kwamba huenda vyako havitaacha. Utazoea kuishi navyo kama unavyoishi na jirani mwenye hasira, ukijua saa zake.

Lakini asubuhi ile viliporudi kufa niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu cha daktari. Gogo alikuwa mtoni, Joeli yuko kwa kondoo. Chepkoech aliamka akilia. Niliinama nimchukue, nikaona vidole vyangu ni vyeupe. Nitamshikaje mtoto kwa mikono isiyojua imeshika nini? Nikakaa chini kando yake. Nilimwimbia, nikazungusha mkono mmoja, huku mwingine nimeunyoosha karibu yake ili aone nipo.

Akaudaka. Vidole vyangu viwili vilikuwa ndani ya ngumi yake. Niliona ameshika, maana niliona ngozi yangu ikibonyea, lakini sikusikia chochote. Alinyamaza akinitazama. Nikaacha kuzungusha ule mwingine. Tulikaa hivyo.

Kisha, ndani kabisa, kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, nikaanza kumhisi. Kwanza kidole gumba chake, kisha vile vinne, kimoja baada ya kingine, vidogo kuliko punje za maharagwe. Uchungu ukaja nyuma yake kama kawaida, mkali. Sikuuondoa mkono.